Mvaaji wa Taifa

Nchi yenyewe haimo kwenye ramani yoyote, na wakubwa wake wanaona fahari kwamba haimo, kwa sababu kitu kisichokuwepo hakikaguliwi. Lakini watu wamo. Wanaamka, wanachemsha chai, wanagombana na majirani, wanazikana. Milimani kwao kuna shaba, na chini ya mlima pana kiwanda, na kiwanda hicho kinatengeneza mrututu.

Mrututu ni unga utokanao na shaba, wa buluu, mzuri wa kutazama kuliko kitenge cha sikukuu. Ukiuchanganya na maji ukanyunyizia mibuni, ugonjwa wa ukungu hauyashiki majani. Nchi za mbali ziliununua kwa shangwe, na serikali ikaupenda kama mwanawe. Ilipaka buluu bendera, ikapaka buluu malango ya shule, ikaweka ubeti wa mrututu katika wimbo wa taifa. Samaki wa mto uliopita nyuma ya kiwanda walipoanza kuelea ubavu, Wizara ya Afya, Shaba na Sherehe ilitangaza redioni kwamba wanapumzika, na wananchi wakaombwa wasiwasumbue.

Siku moja wanunuzi wa ng'ambo wakaleta maneno. Unga huu, walisema, ukishikwa ovyo ni hatari. Unachoma macho. Unababua ngozi. Ukivutwa kwa pua unaharibu kifua, na ukiingia tumboni unaumiza ini na figo. Kwa hiyo hawatanunua tena mpaka kiwanda kiwe na barakoa, miwani, glavu, aproni na buti za mpira kwa ajili ya wafanyakazi.

Baraza la Mawaziri likakutana, likala, likakutana tena. Hatimaye akasimama Waziri wa Afya, Shaba na Sherehe, Mheshimiwa Domokaya, mtu mwenye shingo fupi na hotuba ndefu.

"Ndugu zangu," alisema, "mbona tunahangaika? Mbunge mmoja anakula kwa niaba ya jimbo zima, na jimbo linashiba. Mmewahi kusikia jimbo likilalamika? Basi mfanyakazi mmoja avae kwa niaba ya kiwanda kizima!"

Wakampigia makofi mpaka chai ikamwagika. Likanunuliwa vazi moja.

*

Vazi lilipofika kiwandani, wanawake wa banda la kusagia walipangwa mstari ili walijaribu. Buti ziliwabana wengine, wengine zikawapwaya. Zilimkaa sawasawa mwanamke aliyeitwa Sikitu.

Sikitu alikuwa mtu mzima, mrefu, asiye na maneno mengi. Alikuwa na mdogo wake, Tunu, waliyefanana kimo na mabega hata watu wakawachanganya kwa nyuma. Mama yao alifariki Tunu akiwa bado ananyonya, na Sikitu, mwenyewe akiwa msichana tu, ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha uji, akamfundisha kusuka. Hakuolewa. Kila alipoulizwa kwa nini, alijibu kwamba bado anamlea mtoto wake, na Tunu, ambaye sasa alikuwa mwanamke kamili mwenye kicheko cha kusikika kwa jirani wa tatu, alimjibu, "Nimekua dada, niache sasa!" Lakini wote wawili walijua kwamba hakuna atakayemwacha mwenzake.

Walifanya kazi pamoja bandani, wakichota mrututu kwa mikono na kuutia magunia. Walikula hapohapo, kwa vidole hivyohivyo, maana kwenda kunawa mtoni ilikuwa kupoteza muda wa taifa.

Waziri alikuja mwenyewe kumvisha Sikitu. Bendi ilipiga. "Kuanzia leo," alisema, akimfunga barakoa kama mtu anayemvisha mwenzake nishani, "wewe ni Mvaaji wa Taifa. Ukipumua, taifa zima linapumua. Macho yako yakiwa salama, macho yote yako salama. Usilichafue vazi hili!"

Ndiyo maana Sikitu alikatazwa kuingia bandani. Mle ndani mna vumbi, alielezwa, na vumbi litaharibu vifaa vya kujikinga na vumbi. Kazi yake ikawa kusimama langoni, safi, mikono imenyooshwa kando, wageni wapite wamwone.

Alisimama. Kupitia miwani aliliona banda, na mlangoni mwa banda aliona wingu la buluu likitoka taratibu, na ndani ya wingu alimwona mdogo wake akiinama na kuinuka.

*

Mwanzoni Tunu aliyachukulia mambo kwa mzaha. Akirudi nyumbani jioni alimpigia Sikitu saluti. "Mheshimiwa Mvaaji! Leo umepumua vizuri? Maana mimi nilikuwa nakutegemea."

"Nawa kwanza," Sikitu alimwambia. "Nawa mpaka kwenye kiwiko. Na hiyo kanga usiilete kitandani."

Lakini mzaha ukapungua. Macho ya Tunu yakawa mekundu kama ya mtu aliyekaa na moshi. Akasema chai ina ladha ya msumari. Akasema ugali una ladha ya msumari. Usiku akakohoa, asubuhi akatapika, na alichotapika kilikuwa na rangi ya kijani ambayo Sikitu hakuwahi kuiona ikitoka kwa binadamu.

Sikitu akaenda kwa meneja, Bwana Lugendo. Hakuwa mtu mbaya sana. Alikuwa na woga tu, na kazi yake aliifanya kwa woga huo.

"Naomba glavu, bwana. Si kwa ajili yangu. Nimpe mdogo wangu azitumie akiwa ndani. Mimi pale langoni sishiki kitu."

"Glavu?" Lugendo akashtuka kana kwamba ameombwa moyo wake. "Sikitu, mama, glavu ni sehemu ya vazi. Vazi ni la Wizara. Mkono mmoja ukionekana mtupu langoni, ni kama nusu ya taifa imetembea uchi."

"Basi kitambaa. Wapewe vitambaa vya kujifunga puani."

"Wakijifunga vitambaa, watu watauliza wanajikinga na nini." Akatazama mlango, akashusha sauti. "Mwambie asivute hewa sana."

"Asivute hewa sana?"

"Avute kidogo kidogo," alisema Lugendo, na Sikitu akaona kwamba alikuwa anamaanisha, na kwamba hakuwa na kingine cha kumpa.

Wakaenda zahanati. Tabibu Shedafa alimtazama Tunu ndani ya kope, akambonyeza tumbo, akamsikiliza kifua kwa muda mrefu. Kisha akaenda kufunga dirisha.

"Nchi hii ina magonjwa yanayoruhusiwa," alisema. "Nina malaria, nina kichocho, nina uvivu. Hili lake halimo. Nikilitaja, Wizara itaniuliza limepitia wapi kuingia nchini."

"Lakini unalijua," Sikitu alisema.

"Nalijua. Ni ule unga. Umemkaa kifuani, na mwingine ameula. Kama mkojo wake utakuwa mweusi kama kahawa, ujue damu na figo vinaharibika." Akamgeukia Tunu na kuongea naye kwa upole. "Ondoka kwenye unga, binti yangu. Dawa nyingine sina."

"Nikiondoka nitakwenda wapi, tabibu?" Tunu aliuliza. Nyumba zote za pale zilikuwa za kiwanda, na aliyeacha kazi alihesabiwa kuwa amelikimbia taifa, akawekwa barabarani na godoro lake. Tabibu naye aliishi katika nyumba ya kiwanda.

*

Walipofika nyumbani Sikitu aliketi kwenye kigoda, akamkamata Tunu mkono.

"Kesho utavaa wewe."

"Nivae nini?"

"Vazi. Tunafanana kimo. Ukishavaa miwani na barakoa, hata mama mzazi angekuwa hai asingekutambua. Wewe utasimama langoni, upumue. Mimi nitaingia bandani."

Tunu akautoa mkono wake. "Ili uumwe wewe?"

"Mimi nina kifua cha baba. Kifua cha baba hakikuwahi kukohoa hata na kiko chake cha tumbaku."

"Baba alikufa akiwa na miaka kama yangu, dada."

"Alianguka kutoka kwenye mti! Usinibishie, Tunu. Nimekubeba mgongoni milima hii yote. Hukunibishia wakati ule, usianze leo."

Tunu akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi, na kikohozi kilipokwisha alikuwa analia. Akakubali.

Basi wakabadilishana. Hakuna aliyegundua, kwa sababu wakubwa hawakuwahi kumtazama mtu aliyekuwa ndani ya vazi, na wanawake wa bandani, walioligundua jambo hilo papo hapo, hawakumwambia mtu. Jirani yao Bi Nyange alimsogezea tu Sikitu nafasi kwenye meza ya kuchotea na kusema, "Karibu tena kwetu."

Huko ndani Sikitu alikuta vumbi limekuwa zito kuliko zamani, kwa kuwa biashara ilikuwa imestawi tangu kununuliwa kwa vazi. Macho yalimwaka. Ulimi ukawa kama amelamba kufuli. Lakini kila alipoinua uso alimwona yule mtu wa aproni na buti pale langoni, amesimama kwenye hewa, na moyo wake ukatulia. Kwa siku kadhaa Tunu alikula. Jioni moja aliomba hata kuongezewa mboga, na Sikitu akageuka upande wa jiko ili asionekane uso.

*

Ikafika Siku ya Usalama, sikukuu ambayo Mheshimiwa Domokaya aliibuni mwenyewe. Wanunuzi wa ng'ambo walialikwa waje kuona. Bendi ikapangwa upande wa jua. Gari la wagonjwa la wilaya nzima, ambalo lilikuwa moja, lilioshwa na kuwekwa maua. Banda likafungwa milango ili vumbi lisiwasumbue wageni, na wanawake waliokuwa ndani wakaagizwa waendelee na kazi kimya kimya.

Sikitu alitazama kupitia ufa wa ubao. Alimwona Waziri akimshika Mvaaji bega na kumgeuza huku na huku.

"Mabibi na mabwana! Tazameni! Serikali yangu haikulala! Uso umefunikwa, mikono imefunikwa, miguu imefunikwa! Sumu ipite wapi? Nauliza, ipite wapi? Humu ndani ya vazi hili mmekaa kiwanda kizima, na kiwanda kizima ni kizima kama..."

Mvaaji akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kidogo, cha mtu aliyekizuia muda mrefu. Waziri akasita. Wageni wakatazamana.

"Anacheka," Waziri akawafafanulia. "Ni kicheko cha kwetu."

Mvaaji akacheka tena, na tena, akainama ameshika magoti, na Waziri akaipungia bendi mkono ipige kwa nguvu. Bendi ikapiga. Tarumbeta zikapanda juu, ngoma zikafuata, na katikati ya zile ngoma Tunu akaanguka kifudifudi kwenye zulia jekundu, barakoa ikajaa kijani.

Sikitu hakukumbuka baadaye jinsi alivyotoka. Inasemekana aliupiga mlango wa banda kwa bega ukang'oka. Alikimbia mbele ya wageni wote akiwa buluu toka utosini hadi kwenye nyayo, akapiga magoti, akamvua mdogo wake ile barakoa na ile miwani, akamfuta mdomo kwa kiganja chake.

"Tunu. Tunu, mwanangu. Ni mimi."

Waziri aliwatazama: mmoja safi, mmoja wa buluu, nyuso mbili zinazofanana. Aliwahi kusomea sheria, kwa hiyo alielewa upesi kuliko wote.

"Huyu mwanamke amemwingiza mgonjwa ndani ya vazi la taifa!" alinguruma. "Vazi limekohoa mbele ya wageni! Vazi limeambukizwa! Litibiwe mara moja!"

"Mheshimiwa," Sikitu alisema, bado amepiga magoti, "gari lipo pale. Tusaidie gari. Nakuomba kwa jina la mama yako aliyekuzaa."

"Na gari litaondoka sasa hivi," alijibu Waziri.

Likaondoka kweli. Wauguzi wawili walimvua Tunu aproni, glavu na buti, moja baada ya nyingine, kwa uangalifu mkubwa kwa sababu vitu vilikuwa vya serikali. Wakalilaza vazi juu ya machela, wakalifunika shuka jeupe mpaka kwenye shingo, wakalipakia. King'ora kikalia. Gari likaelekea hospitali kuu ya mji mkuu, ambako, kwa mujibu wa redio, vazi lilipokelewa na madaktari bingwa na hali yake ilikuwa inaendelea vizuri.

Tunu alibaki kwenye zulia, miguu mitupu. Bwana Lugendo alisimama karibu, akikunja na kukunjua vidole. Kisha zulia nalo likahitajika.

Sikitu alimgeuzia Tunu mgongo, akamvuta mikono juu ya mabega yake, akainuka naye. Bi Nyange alitaka kumsaidia. "Niache," Sikitu alisema. "Huyu najua kumbeba."

*

Tabibu Shedafa alikuja nyumbani mchana kweupe, kila mtu akimwona, na huo ulikuwa ndio ushujaa wake wote. Alileta maji ya dripu, akayatundika kwenye msumari wa ukutani. Alimwambia Sikitu ukweli mlangoni: figo zilikuwa zimechoka, kifua kilikuwa kimekauka, na pale mjini, kama lile gari lingembeba, labda wangeweza kujaribu jambo. Akalirudia neno labda mara nyingi.

Macho ya Tunu yakageuka manjano. Jasho lake liliacha alama ya buluu kwenye shuka, na Sikitu alilibadilisha, akalifua, akalianika, akalibadilisha tena.

Alasiri moja Tunu alifungua macho, akamtafuta.

"Dada, ni kosa langu. Ningelizuia."

"Ungezuia nini?"

"Kile kikohozi. Nilikizuia tangu asubuhi. Nilijiambia, wageni wakishapita tu, nitakohoa nitakavyo." Alipumzika. "Sasa watakufukuza nyumba."

"Wanifukuze. Tutakwenda wote. Kule ng'ambo ya mlima kuna watu wanalima njugu. Utakaa kivulini unimenyee."

"Nitakula nyingine."

"Utakula zote. Nitakupigia kelele, lakini utakula."

Tunu akatabasamu. Akaomba asukwe, kwa kuwa nywele zilikuwa zimetimka na hakupenda watu wamkute hivyo. Sikitu akakaa nyuma yake, akamlaza kichwa kwenye mapaja, akaanza kusuka, mistari ile myembamba aliyomfundisha utotoni. Alikuwa amefika upande wa sikio la kushoto aliposikia pumzi moja imepita na nyingine haikuifuata. Alisubiri. Kisha akaendelea kusuka mpaka mwisho, akafunga ncha, kwa sababu hakuweza kumwacha mtoto na nusu ya kichwa.

*

Redio ilitangaza kwamba ndugu Tunu amefariki kwa uvivu.

Wanawake wa banda walikuja kumwosha. Walikuja wengi hata mashine zikasimama, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Waliweka mwili kwenye kitanda cha kamba uani, wakazungushia kanga, wakamwagia maji, na maji yalipotoka chini ya kitanda yalikuwa ya buluu. Wakamwagia tena. Yakatoka ya buluu. Wakasugua kucha, wakasugua nyuma ya masikio, wakasugua viganja vyenye nyufa, na bado.

"Tumwoshe mpaka lini?" aliuliza Bi Nyange taratibu.

"Mpaka yatoke meupe," alisema Sikitu.

Hapo ndipo mtu alipobisha hodi kwenye ua. Alikuwa bwana wa makamo, amevaa suti, ameshika ndoo mpya. Alivua kofia kwa adabu. Alisema yeye ni afisa wa Mamlaka ya Rasilimali za Buluu, akawapa pole ya Wizara, pole ya Mamlaka na pole yake binafsi, kwa mpangilio huo.

"Ni suala dogo tu," alisema akitazama chini. "Marehemu ameondoka na mrututu mwilini. Mrututu, kisheria, ni mali ya umma, popote ulipo. Nimeagizwa kuomba haya maji yasimwagwe ovyo. Yakingwe humu. Kiwandani yatakaushwa, unga urudi."

Wanawake walisimama na makopo yao mkononi. Hakuna aliyelia wala kutukana. Wote walimtazama Sikitu.

Sikitu alitoka nyuma ya kanga, mikono inadondosha maji. Alimsogelea yule bwana karibu sana, akaongea naye kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Mchukue basi, baba. Mchukue mzima. Mkishatoa kilicho chenu, nirudishieni kilicho changu."

Afisa alikuwa amefundishwa majibu ya wanaokataa, na majibu ya wanaopiga kelele. Alitazama kule nyuma ya kanga, ambako unyayo mmoja ulionekana, mwembamba, wa buluu kwenye kisigino, akautazama muda mrefu. Kisha akaweka ndoo chini, akaivaa kofia yake, akaivua tena, akatoka.

Ilikuwa ndoo nzuri, nzito, na ndoo zilikuwa chache pale uani. Bi Nyange akaiokota, akaenda kuijaza maji safi, na wakaendelea kumwosha.